Kupanda Amani na Ukungu Kiooni

Dereva anayepanda kutoka Muheza kwenda Amani, kwenye milima ya Usambara, wakati wa masika anapambana na maji ya aina mbili kwenye kioo cha mbele. Ya nje yanatoka mawinguni na waipa inayamudu. Ya ndani yanatoka kwa abiria. Huanzia pembeni mwa kioo, hupanda taratibu, na gari linapoziingia kona za juu ya Sigi, lilipo geti la hifadhi ya msitu, kioo kizima kimeshakuwa cheupe. Dereva anafuta kwa kiganja, kisha kwa kitambaa, na konda anaombwa afute upande wa kushoto ili japo ukingo wa barabara uonekane. Dakika mbili baadaye ukungu umerudi. Wapo madereva wa njia hii hii ambao hawasumbuki nao hata kidogo, ilhali magari yao ni zilezile Noah na Hiace zilizoshushwa kutoka Japani zikiwa zimeshatumika. Tofauti iko kwenye vitufe viwili vitatu na kwenye mambo ambayo fundi aliyafanya chini ya boneti miaka kadhaa nyuma.

Tuanze na mlima, maana ndio unaoleta mchezo wote. Safari ni fupi, kama kilomita 35, lakini Muheza iko mita 200 hivi juu ya usawa wa bahari na Amani iko mita 900. Hewa inayosukumwa kupanda hupoteza nyuzi joto 1 hivi kwa kila mita 100 kabla haijaanza kutunga mawingu. Chukua upepo wa bahari unaoingia Tanga ukiwa na nyuzi 29, umebeba mvuke ambao ungeanza kugeuka maji hewa hiyo ikipozwa hadi nyuzi 23. Ukipiga hesabu, ukikumbuka kwamba hizo 23 nazo hushuka kidogo kadiri hewa inavyopanda, upepo huo utaanza kutunga wingu ukifika mita 700 na kitu. Gari likishapita Sigi, basi, linaingia kwenye kimo kile kile ambacho hewa ya bahari inaanza kutema maji yake. Ndiyo sababu Amani hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na Wajerumani walioanzisha taasisi yao ya mimea na kilimo huko mwaka 1902 walikuta msitu ambao hata kiangazi haukauki.

Hizo nyuzi 23 tuziite nyuzi za umande: joto ambalo hewa ikipozwa kufikia hapo haiwezi tena kushikilia mvuke wake. Chupa ya soda ikitolewa kwenye friji Tanga mjini hutoka jasho kwa kuwa ni baridi kuliko nyuzi za umande za hewa iliyoizunguka. Kioo cha gari kinafuata kanuni hiyo hiyo. Kikiwa baridi kuliko nyuzi za umande za hewa inayokigusa, kitalowa. Kikizizidi joto, kitabaki kikavu. Na kioo kina pande mbili, kila upande na hewa yake. Hilo la pande mbili tutalirudia tukianza kushuka.

Sasa tupakie abiria. Mtu mzima aliyetulia hutoa kama gramu 40 za mvuke kwa saa, kwa pumzi na kwa ngozi. Hiace yenye watu 15 inapokea gramu 600 kwa saa, sawa na gramu 10 kwa dakika, kabla hujahesabu kanga zilizolowa, miamvuli na viatu vya tope. Tuseme ndani ya gari kuna mita 8 za ujazo za hewa. Kule juu, siku ya mvua, hewa ya nje ina nyuzi 18 na imebeba gramu 14.6 za mvuke kwa kila mita ya ujazo, wakati uwezo wake wote kwa nyuzi hizo ni gramu 15.4. Kioo kinachochapwa na mvua nacho kimeshuka hadi karibu nyuzi 18. Nafasi iliyobaki kabla kioo hakijaanza kulowa haifiki gramu 1 kwa kila mita ya ujazo. Kwa gari zima ni gramu 6 na ushei. Watu 15 wanaijaza kabla dakika moja haijaisha.

Hapo ndipo ushauri wa kufungua dirisha unapogonga ukuta. Ushauri mwingi kuhusu ukungu wa gari umeandikwa na watu wa nchi za baridi, na kwao ni wa kweli. Uingereza wakati wa baridi, hewa ya nje yenye nyuzi 5 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 6.8 za mvuke. Ukiiingiza ndani na kuipasha hadi nyuzi 20 inakuwa kavu, ina kiu ya gramu 10 na zaidi kwa kila mita ya ujazo. Kwao tundu la hewa ni dawa. Amani hewa ya nje imeshashiba. Ukiiingiza inazuia hali isizidi kuharibika, lakini kukausha haiwezi.

Hata hivyo kiasi cha hewa hiyo kina maana yake, na inafaa kukiona kwa tarakimu. Feni ya gari ikipitisha mita 200 za ujazo kwa saa kutoka nje, gramu 600 za abiria zinagawanyika humo na kuongeza gramu 3 kwa kila mita ya ujazo. Hewa ya ndani inatulia kwenye gramu 17.6, ambayo nyuzi zake za umande ni 20 na kidogo. Kioo cha nyuzi 18 kitalowa tu. Ukifungua madirisha na gari likawa na mwendo, hewa inayopita inaweza kufika mita 1,000 za ujazo kwa saa au kuzidi. Abiria wanaongeza nusu gramu tu na kioo kinabaki ukingoni, mara kikavu, mara chenye ukungu mwembamba. Tatizo ni kwamba kwenye kona za Amani hakuna mwendo. Gari linapanda kwa gia ya kwanza na ya pili, upepo wa kuingia dirishani ni hafifu, na mvua haina subira. Bibi aliyekaa karibu na dirisha anasema, "Mwanangu, funga hapo, mvua yote inaniishia mimi." Dereva anajibu bila kugeuka, "Nikifunga sioni njia, bibi. Nivumilie tumalize hizi kona." Wote wawili wana haki.

Lakini itazame tena ile hesabu ya feni. Hewa ya ndani ilihitaji kioo cha nyuzi 20 na kidogo, chetu kilikuwa na 18. Upungufu ni nyuzi 2 au 3 tu. Mtu akikipasha kioo hicho nyuzi 5, ukungu hauna pa kukaa hata madirisha yote yakiwa yamefungwa, ilimradi feni inaleta hewa ya nje. Kwenye milima hii joto la kioo ndilo linaloamua, na hewa inafuata nyuma yake.

Dereva anayelijua hilo hufanya mambo yake mapema, gari likiwa bado kwenye geti la hifadhi pale Sigi. Anawasha AC. Kisha, jambo linalomshangaza abiria aliyekaa mbele, anazungusha swichi ya joto kwenda upande mwekundu. Anaelekeza hewa kiooni, ile alama ya kioo chenye mishale ya mawimbi, na anabonyeza kitufe chenye picha ya gari na mshale unaojizungusha ndani yake mpaka taa yake izime. Kwa nini AC na hita kwa pamoja? Kwa sababu zinapokezana kazi. Hewa hupita kwanza kwenye evaporeta, zile mbavu nyembamba za alumini zilizojificha nyuma ya dashibodi, ambazo AC huzipoza hadi nyuzi chache juu ya sifuri. Pale hewa inatema maji yake, yanachuruzika kwenye mpira na kudondoka chini ya gari. Ilikuwa na gramu 14 za mvuke, inatoka na 7 au 8. Halafu inapita kwenye hita, inapashwa na maji ya injini, na inafika kiooni ikiwa na joto na kiu. Viwanda vya chai vya Usambara vinalijua jambo hili kwa njia yao: siku za mvua majani mabichi hayanyauki kwa feni peke yake, lazima hewa ipashwe kwanza.

Mbona basi kwa wengi haifanyi kazi? Sababu ya kwanza ni vumbi na joto la bondeni. Dereva wa Tanga huacha kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani kikiwa kimewashwa mwaka mzima, kwa kuwa ndicho kinachofanya AC ipoze haraka na vumbi lisiingie. Bondeni yuko sahihi. Akianza kupanda na kitufe kile kile, pumzi za watu 15 zinazungushwa na kurudishwa kiooni.

Ya pili ni ya hila zaidi. Kwenye mlima mkali dereva huzima AC ili injini ipate nguvu, jambo la kawaida kwa Noah iliyojaza. Evaporeta wakati huo imelowa. Kompresa ikisimama, mbavu zinaanza kupata joto, feni inaendelea kupuliza, na maji yote yaliyokuwa yanangoja kudondoka yanarudi ndani kama mvuke kwa mkupuo mmoja. Kioo kinazibika ghafla, na kinazibikia pale pale kwenye kona aliyokuwa akihitaji nguvu. Anayetaka kupanda bila AC aizime nusu saa kabla, kule kwenye tambarare, feni ikiendelea kupuliza hewa ya nje ili mbavu zikauke.

Ya tatu ndiyo inayonikera, na iko chini ya boneti. Themostati ya injini hubaki imefunga mpaka maji yafike nyuzi 80 na zaidi, ndipo inayaruhusu kwenda kwenye rejeta. Gari likichemsha mara moja, mafundi wengi wa huku hawatafuti sababu. Wanaing'oa themostati na kuitupa, na mwenye gari anarudi nyumbani ameridhika. Injini hiyo sasa inapoteza joto lake kwenye rejeta muda wote, na kwenye mvua ya Amani maji yake yanakuwa vuguvugu. Hita ya maji vuguvugu haipashi kioo. Gari jingine themostati ipo ila hita yenyewe ilivuja zamani, fundi akazikata hozi mbili zinazoingia ndani na kuziunganisha zenyewe kwa zenyewe. Akauita ubunifu huo baipasi. Bondeni hakuna anayegundua, maana nani anawasha hita Tanga? Inagunduliwa mlimani, usiku, kwenye ukungu. Na hita inayovuja bila kufungwa ni mbaya zaidi: inatoa ukungu wenye mafuta na harufu tamu ya dawa ya rejeta, ambao ukiufuta kwa kitambaa unasambaa.

Kuna njia rahisi ya kujua AC inakausha au haikaushi. Simamisha gari Muheza baada ya dakika kumi za AC na utazame chini, upande wa abiria wa mbele. Maji yanayodondoka ni dalili njema. Kama hayadondoki na AC inapoza, bonyeza kiganja kwenye kapeti chini ya miguu ya abiria huyo. Mpira wa kutolea maji ukiwa umeziba kwa vumbi, yanamwagika ndani, na kapeti inakuwa tangi la mvuke linalolisha kioo kila siku. Mpira huo huzibuliwa kwa waya laini au kwa upepo wa gereji. Filta ya hewa ya ndani, ambayo kwenye gari nyingi iko nyuma ya kisanduku cha dashibodi, nayo itolewe itazamwe. Iliyojaa vumbi la barabara inapitisha sehemu tu ya hewa, na hesabu yetu yote ya feni inaanguka.

Sabuni iliyopakwa kiooni na kufutwa kwa kitambaa kikavu inasaidia kwa siku moja mbili, kwa kuwa maji yanatandaa badala ya kusimama matone matone. Kioo chenye utando wa vumbi na mafuta ya plastiki za dashibodi hushika ukungu haraka kuliko kilichosafishwa. Zaidi ya hapo sabuni haina miujiza.

Wapo wanaolala ndani ya gari huko juu, wageni wa ndege na vipepeo, na madereva waliokwamishwa na tope. Kwao hesabu ni ya polepole lakini haisamehe. Watu wawili kwa saa nane hutoa zaidi ya nusu lita ya maji. Paa la bati tupu, usiku wa mwezi wa saba usio na mawingu, hupoteza joto kwenda angani mpaka linakuwa baridi kuliko hewa yenyewe, ambayo imeshuka kwenye nyuzi 15 hivi. Asubuhi dari inadondosha. Wengi huning'iniza blanketi dirishani kwa ndani, na wanashangaa kuona kioo kimelowa kuliko jana. Blanketi linakinyima kioo joto la ndani huku mvuke ukilipenya. Kinga inayofaa iko nje. Turubai lililofungwa juu ya paa, likiachiwa nafasi ya mkono mmoja, linalizuia bati lisitazamane na anga. Mti hufanya kazi hiyo pia, ila msitu wa Amani hudondosha matawi. Madirisha mawili ya pande tofauti yaachwe wazi upana wa vidole vitatu, na chandarua juu yake kwa ajili ya mbu.

Jiko la gesi lisipikiwe ndani: gramu 100 za gesi zikiungua hutengeneza karibu gramu 160 za maji. Jiko la mkaa ni jambo jingine kabisa. Mvuke wake ni mdogo, lakini hutoa hewa ya kaboni monoksaidi isiyo na rangi wala harufu, na watu hawaamki. Vile vifuko vidogo vya chembechembe za kufyonza unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu navyo tuviache. Chembechembe hizo hufyonza kwa makadirio theluthi ya uzito wake. Kwa usiku mmoja wa watu wawili ungehitaji kilo mbili, na kesho yake uzikaushe kwenye oveni.

Sasa tushuke. Gari lililolala Amani linaondoka alfajiri, bodi yake na vioo vyake vina nyuzi 16. Likifika Muheza linakutana na hewa ya pwani yenye nyuzi za umande 22 au 23. Ukungu unatokea tena, safari hii upande wa nje. Dereva anafuta ndani kwa nguvu na haoni mabadiliko, anaongeza AC kiooni, na mambo yanaharibika kabisa kwa sababu anazidi kukipoza kioo. Dawa ni kugusa kioo kwa kidole ili kujua maji yako upande gani, kupiga waipa, na kuielekeza AC miguuni mpaka kioo kipate joto la bondeni.

Gari la mizigo lina hesabu hiyo hiyo, na hapa mabaharia wametutangulia. Meli zinazopakia katika nchi za joto na kushusha katika nchi za baridi, au kinyume chake, zimelijua kwa muda mrefu jasho la shehena. Kanuni yao inayotumika hadi leo ni ya nyuzi 3: hewa ya nje ikiwa baridi kuliko shehena kwa angalau nyuzi 3, fungua matundu, ikiwa na joto kuliko hapo, yafunge. Mzigo wa joto ukiingia kwenye baridi, hatari ni dari kudondosha, na hewa ya nje inasaidia. Mzigo wa baridi ukiingia kwenye joto, hewa ya nje ndiyo inayoleta maji, nayo yanatua juu ya mzigo wenyewe.

Hiace inayoshusha iliki na pilipili manga kutoka Amani iko katika hali ya pili. Magunia yamelala kwenye stoo ya nyuzi 18 na yamekaushwa vizuri, tuseme hadi asilimia 12 ya unyevu. Mpakiaji, kwa nia njema, anaacha mlango wa nyuma umefungwa nusu kwa kamba ili mzigo upumue njiani. Kuanzia kijiji cha Kisiwani kushuka, kila mita ya ujazo ya hewa ya pwani inayoingia inaacha gramu kadhaa za maji kwenye uso wa magunia, na magunia ya katikati yanabaki baridi kwa saa nyingi kwa sababu viungo havipitishi joto haraka. Mlango ungefungwa Amani na kubaki umefungwa, mzigo ungepata joto taratibu ukiwa na hewa yake kavu. Gari lifikapo Tanga liegeshwe kivulini na lisifunguliwe mpaka jioni, au hata kesho yake kama mzigo ni mkubwa. Mnunuzi anayekuta ukungu mweupe juu ya iliki iliyopimwa vizuri mlimani asimpigie mkulima simu kabla hajamuuliza dereva mlango ulifunguliwa wapi na saa ngapi.